Mwaka Nilipokuwa Mwalimu wa Kamasi

Tulipomzika Mama Perusi, mwezi wa pili mwaka huu, mshereheshaji alinipa kipaza sauti kwa sababu mbili tu: nilikuwa nimekaa karibu naye, na nina mvi. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikasema marehemu alikuwa mtu wa watu, alipenda watoto, ameacha pengo lisilozibika. Maneno hayo unaweza kuyasema juu ya mtu yeyote, hata juu ya mbuzi wa sherehe, na waombolezaji wakaitikia "kweli kabisa". Wakaitikia. Nikaketi. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilijitukana kimoyomoyo, maana maneno ya kusema nilikuwa nayo. Ila yalitaka kwanza nieleze kwamba kijana mzima wa kiume, mwenye ndevu nne zilizohesabika, alishinda mwaka mzima ndani ya duka lililokufa akifuta watoto makamasi, na hilo si jambo la kutangaza makaburini mbele ya wakwe. Sasa wakwe hawapo, niko peke yangu na kalamu, na chai inapoa. Naweza kusema.

Mwaka wenyewe ni ule wa kwanza wanunuzi binafsi kuruhusiwa kuingia kwenye pamba. Bariadi ilikuwa bado chini ya Shinyanga. Lami tuliisikia kwa waliokwenda Mwanza, wakituhadithia kama watu waliotoka kuhiji. Na kila mtu alikuwa ameanza kwenda mahali. Karani wa chama cha msingi alikuwa sasa anauza mitumba mnadani, akipiga kelele kuliko alivyowahi kupiga kazini. Mwalimu wetu wa jiografia aliacha chaki akahamia Lamadi kununua dagaa. Ukimwuliza mtu habari za asubuhi anakujibu huku miguu inatembea. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo nitayaacha yapumzike kwa amani. Nilikuwa nakaa kwa dada yangu Lea, na kazi yangu ilikuwa hiyohiyo: kukaa. Asubuhi nilikaa upande wa jua, mchana nikahamia kivulini pamoja na kuku. Lakini mtu asidhani nilikuwa nimetulia. Wanaokaa nyumbani ndio wenye safari nyingi. Kila siku nikiamka nilikuwa naondoka, kichwani: leo Mwanza, leo machimbo ya dhahabu, leo hata Lagangabilili, basi. Kufika saa nne nilikuwa nimeshakwenda na kurudi, nimechoka, na viatu bado viko chini ya kitanda.

"Hata mtungi," alisema dada siku moja, akinikagua kama anayetafuta ufa, "hata mtungi kuna saa unabebwa ukapelekwa kisimani." Kesho yake alinibeba. Alinipeleka kwa Mama Perusi, mwanamke mnene wa kutoka Majita, sauti nzito, miguu mifupi, aliyekuwa mlezi wa watoto katika chumba cha akina mama pale kiwanda cha kuchambua pamba. Mwenye kiwanda mpya alipoingia, chumba cha watoto kikawa stoo ya vipuri, na tangazo likabandikwa: marufuku mtoto ndani ya uzio. Wanawake waliokuwa wakichagua pamba chafu kwenye marundo, mtoto mgongoni au pembeni, wakaambiwa wachague moja. Mama Perusi akakodi duka la zamani la ushirika, upande wa pili wa barabara, akatangaza chekechea. Duka lile nalikumbuka kuliko sebule yangu. Kaunta ndefu ya mbao, iliyolainishwa na viwiko vya watu waliongoja sukari isiyokuja. Nyuma yake rafu kutoka sakafuni hadi juu, tupu, kila moja na kibandiko kilichofifia: SABUNI, VIBERITI, KHANGA. Watoto waligundua rafu hizo kabla ya saa moja ya kwanza kuisha. Ukimtafuta mtoto, unamkuta amelala kwenye VIBERITI.

"Unajua kuandika?" Mama Perusi aliniuliza.

"Nina kidato cha nne."

"Sikuuliza una nini. Nimeuliza unajua kuandika?"

"Najua."

"Watoto wanakuogopa?"

Dada akanijibia. "Huyu? Hata kuku wanamkanyaga."

"Basi anafaa," akasema Mama Perusi, akanipa daftari la mahudhurio.

Rafiki yangu Kulwa alinipitia siku ya pili akiwa juu ya gari la wanunuzi wa pamba, amevaa miwani ya jua na mdomoni ana kijiti. Alinikuta mlangoni, mtoto mmoja kila mkono na wa tatu amenishika suruali. Alicheka mpaka dereva akaanza kupiga honi. "Mwalimu wa kamasi!" alipaza sauti, na jina likakaa. Mnadani nilikuwa naitwa hivyo, kanisani hivyo, mpaka mwenye duka la baiskeli aliniandikia risiti kwa jina hilo. Kulwa alinitafutia nafasi ya ukarani wa mizani, na kila alipopita aliniuliza lini. "Wiki ijayo," nilimjibu, kila wiki. Nilimaanisha. Kulwa alikuja kufungua mabucha mawili Mwanza, nami sijawahi kupima hata kilo moja ya pamba.

Sasa niseme jinsi watoto wanavyozoeshwa, maana hapo ndipo Mama Perusi alikuwa fundi, nami sijaona mwingine. Siku ya kwanza walikuja ishirini na wachache, wakalia wote. Si kulia mmoja baada ya mwingine; mmoja alianza, wengine wakampokea kama kwaya. Mama zao walitaka kutoroka kwa kunyata, mmoja alikuwa ameshapita dirishani. Mama Perusi akamrudisha. "Hapa hakuna kuiba njia," alisema. "Mama anayetoroka anamfundisha mtoto kulinda mlango. Na mtoto anayelinda mlango hajifunzi kitu." Kila mama aliamriwa amuage mtoto wake, amwambie nakwenda, nitarudi kengele ya kiwanda ikilia, kisha avue khanga moja aiache. Mtoto alikaa juu ya khanga ya mama yake, imetandikwa yote, na hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga. Siku ya pili ikakunjwa mara moja. Siku ya tatu mara mbili. Kila siku eneo la mama likapungua, mtoto akalazimika kutoa mguu nje, kisha paja, kisha mwili mzima, mpaka khanga ikawa kitu cha kushika tu mkononi, na siku moja mtoto anaisahau kwenye rafu. Hapo Mama Perusi anairudisha kwa mwenyewe. Hakuna kuharakisha. Nilijaribu mara moja kukunja mara mbili kwa siku moja, kwa ujuaji wa sekondari, na mtoto wa mwenye duka la baiskeli akaning'ata. Alama ninayo.

Nami niliwaelewa wale watoto kuliko nilivyopenda kukiri. Saa nne, uji ukichemka, ukuta wa kijani wa duka ukianza kunikaribia, nilikuwa nawaza ua wa dada, upande wa kivuli, nataka kurudi nyumbani kama wao. Tofauti ni kwamba sikuwa na khanga ya kukalia. Nilikuwa nahesabu kengele za kiwanda. Nilikuwa nasimama, naketi, nachungulia barabarani. "Wewe unatafuta nini nje?" Mama Perusi aliniuliza. Nikasema naangalia kama mvua itanyesha. Ilikuwa Julai.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandikisha. Niliketi nyuma ya kaunta, kalamu mpya, daftari jipya, najiona bwana shauri. Foleni ya akina mama ilifika barabarani, wote wanataka kuwahi zamu. Akaja Suzana, binti mwembamba, nyuzi za pamba kwenye nyusi, amemshika mkono mtoto wa miaka minne hivi.

"Jina la mtoto?"

Alitazama miguu yake. "Andika la ubatizo. Andrea."

"Na la nyumbani?"

Akacheka kidogo akiwa ameziba mdomo. "Hilo atakuambia baba yake."

"Baba yake yuko wapi?"

"Bukundi, kwa ng'ombe."

"Sasa mimi nimfuate Bukundi?" nikasema, wa nyuma wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Nikaandika Andrea, nikapiga mstari kwa rula. "Anayefuata."

Andrea hakulia. Hilo tu lingetosha kunishtua, lakini katika kelele zile nilimshukuru Mungu. Aliketi katikati kabisa ya khanga ya mama yake, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, akitutazama kama mtu aliyealikwa kwenye kikao ambacho wenyeji wamechelewa. Uji ulipotoka, wenzake walipanga foleni kwenye ndoo ya kunawia, wakatumbukiza mikono, wakapokea vikombe. Yeye hakusogea. Nilimwekea kikombe mbele yake; akakitazama, akanitazama, hakukigusa. Michembe ya viazi aliyowekewa na mama yake kwenye kifurushi alirudi nayo hivyohivyo. Niliita mahudhurio: "Andrea!" Kimya. "Andrea!" Hata kope hakupepesa. Nikadhani ni aibu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Khanga za wenzake zikawa zimerudi kwao, wanaimba, wanapigania rafu ya SABUNI. Yake bado imetandikwa yote, kwa sababu nilipotaka kuikunja aliweka kiganja juu yake, taratibu tu, kama mzee anayezuia bahasha mezani. Alikuwa anakonda. Mifupa ya mabega ilianza kuonekana kwenye shati.

Wiki ya tatu maneno yakaanza. Mke wa mwenye duka la baiskeli, Mama Jose, alimwacha mwanawe mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika hadi kiwandani, "Nililipia mtoto wangu afundishwe Kiswahili, sikulipia akae na kibubu. Mtoto huiga." Mama Perusi alimjibu kwamba ububu si upele. Lakini mchana, watoto wamelala kwenye rafu zao, aliniita nje kwenye jiko la uji. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga na hakuniangalia.

"Nimempigia sahani nyuma ya kichwa. Anasikia, anageuka. Ukimwita, hageuki. Hali. Wiki tatu, kijana wangu. Sijawahi kushindwa na mtoto wiki tatu."

"Tumpe muda."

"Muda ninao mimi. Tumbo lake halina. Akianguka humu ndani, kesho wamefunga mlango, na hawa wengine wote wanarudi kufungiwa vyumbani." Akaisimamisha sufuria. "Kesho ni Ijumaa. Asipoitika jina lake na asipokula, mama yake amchukue. Wewe ndiye uliyemwandikisha, wewe nenda kamwambie."

Mimi! Mtu ambaye hata kwenda kusagisha unga nilikuwa natafuta mwenzi. Watoto walipokwisha kuchukuliwa, nilizunguka kiwanda mara mbili nikitumaini kupotea, ila Bariadi ya wakati ule ilikuwa ndogo mno kupotelea. Jioni ilikuwa haijaingia bado, upepo unapeperusha nyuzi za pamba, zimenasa kwenye miiba ya uzio kama manyoya ya kuku waliochinjwa kwa haraka. Vyumba vya vibarua vilikuwa mstari mmoja, ua mmoja. Nilifika kwenye kona ya ukuta nikasimama kutunga sentensi yangu, na hapo nikasikia sauti ya bibi mzee, kwa Kisukuma, inacheka.

"Mume wangu, mbona umekonda hivi? Hao wake zako wa shuleni hawakupikii?"

Nikachungulia. Kwenye kigoda, katikati ya ua, amekaa Andrea. Mama yake, Suzana, amepiga magoti mbele yake akimmiminia maji mikononi kwa kopo, taratibu, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Akamfuta kwa ncha ya khanga. Akasogeza ugali na maziwa ya mgando. "Karibu, baba," alisema. Mtoto akamega tonge, akala. Akamega tena. Bibi, fimbo mapajani, vumbi la safari bado miguuni, akaendelea kumchokoza: "Kula, Masunga, kula. Nimetoka Bukundi kwa miguu ya gari bovu kukufuata, nawe unanipa mgongo kama nimezeeka." Na yule mtoto, bubu wetu, akamjibu huku anatafuna: "Umezeeka kweli."

Niliegemea ukuta ule, na aibu ikanipanda kutoka miguuni. Mama Perusi alikuwa Mjita, yeye asingejua. Mimi ni Msukuma, mtoto wa Wasukuma. Nilikuwa najua, kama ninavyojua mkono wa kulia, kwamba kwetu mtoto hupewa jina la babu aliyekufa na watu humwamkia kama babu mwenyewe amerudi. Mke wa babu humwita mume wangu, baba yake mzazi humwita baba. Na nilikuwa najua kwamba mkamwana halitamki jina la baba mkwe wake, awe hai, awe kaburini, awe ni mtoto aliyemzaa mwenyewe. Suzana alisimama mbele ya kaunta yangu mdomo umefungwa na heshima, nami nikamfanyia mzaha ili foleni icheke. Mtoto alikuwa hajaikataa shule. Alikuwa amekaa wiki tatu akingoja mtu amwite, na amnawishe mikono, kama inavyofanyika mahali penye watu.

"Hodi," nikasema hatimaye.

"Karibu, mwalimu!" Suzana akainuka haraka mno, akijifuta mikono. Bibi alinipima toka juu hadi chini.

"Huyu ndiye mwalimu? Nilidhani ni mkubwa." Akanisukumia kigoda kwa fimbo. "Haya, tuambie. Huko shuleni mnamwitaje mume wangu?"

"Andrea, bibi."

"Andrea ni nani?" Aliangalia huku na huku kama kuna mtu mwingine amejificha uani. "Andrea ni wa padri. Alimwita siku moja, kwa maji, mtoto mwenyewe amelala. Hapa hakuna Andrea."

"Sikulijua la nyumbani."

"Na ulitegemea huyu akutajie?" Akamwonyesha Suzana kwa kidevu. "Ulitaka adondoke meno? Wewe ni Msukuma wa wapi, wa kwenye kitabu?"

Nikasema kilichonileta, kwa maneno machache na mabaya. Kwamba kesho ni mwisho. Suzana alianza kukusanya vyombo mtoto akiwa hajamaliza kula. Bibi akaacha kucheka. "Basi ni vizuri nimekuja," alisema, si kwa ukali. "Gari la kurudi linaondoka kesho mchana. Kama shule haimtaki, mimi namtaka. Huko hata ndama wanalijua jina lake. Na wewe, mkamwana, bado una miezi mitano kwenye hayo marundo. Utamweka wapi? Kwenye mfuko?"

Suzana alinisindikiza hadi kwenye kona. "Mwalimu, akienda Bukundi hanirudii. Mwanangu wa kwanza alikwenda kusalimia tu, sasa ananiita shangazi." Akashika mkono wangu, kitu ambacho mwanamke wa kwetu hafanyi. "Umemsikia bibi. Jina umelisikia mwenyewe, mimi sikulitaja. Nipe kesho tu."

Sikulala vizuri, na dada Lea alisema nilikuwa naongea na godoro. Asubuhi nilifika kabla ya watoto, nikatembea kutoka kaunta hadi mlangoni hadi kaunta, nikamwambia Mama Perusi yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza akikoroga uji. "Yaani nimemnyima mzee maji ya kunawa wiki tatu," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini hapa ni Kiswahili tu. Mama Jose akisikia umemwita kwa Kisukuma, atahamisha mwanawe na wenzake."

"Na nikimwita kwa Kiswahili, ataitika?"

Aliendelea kukoroga. "Mimi nitakuwa nje na jiko," akasema. "Jiko lina kelele." Halafu hakutoka.

Suzana alimleta, akamuaga kama siku zote, akatandika khanga. Ila hakwenda kazini. Alivuka barabara akasimama karibu na uzio wa kiwanda, akatugeuzia mgongo, akaziba masikio kwa viganja viwili, ili kama jina litatamkwa, lisimkute.

Nikafungua daftari. Nikaita wa kwanza, wa pili, wote wakaitika kwa kelele za jogoo. Nilipofika kwa Andrea nililifunga. Nilizunguka kaunta. Nilikuwa na beseni na kopo la maji, nikapiga magoti. Watoto wakanyamaza, maana hawakuwahi kuniona nikiinama kwa mtu. Nikamsogezea beseni, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Masunga."

Alinitazama kama mtu aliyengoja mbele ya dirisha la ofisi tangu alfajiri, na hatimaye dirisha limefunguliwa. Akanyoosha mikono. Nikamimina.

"Mwangaluka," akasema. "Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu: salama tu.

Nilidhani tumemaliza. Wapi. Yule mtoto akavuta pumzi akaanza kunijulia hali kama wanavyofanya wazee, kwa utaratibu, bila haraka. Ng'ombe zangu hawajambo? Nikasema hawajambo. Wanapata maji? Kidogo. Nyasi? Mbali, lakini zipo. Kuna ugonjwa? Hakuna. Kila jibu alilitikisia kichwa.

"Anasema nini?" Mama Perusi aliuliza kwa mnong'ono.

"Anaulizia ng'ombe zangu."

"Una ng'ombe?"

"Sina."

"Mtu mzima hovyo," alisema Mama Perusi, "unamdanganya mzee siku ya kwanza." Akamletea uji mwenyewe, mikono miwili, ameinama kadiri alivyoweza kwa unene ule. Masunga akaupokea, akaunywa wote, akashika kikombe mbele mpaka akaongezewa. Mtoto wa Mama Jose, yule mwenye meno, akaja na mikono yake michafu akainyoosha juu ya beseni: naye anataka kumiminiwa kwa kopo. Akaja mwingine. Foleni ikageuka ikaelekea kwangu, na nilimimina maji mpaka saa nne, na kila aliyenawishwa alikwenda kusimama mbele ya khanga ya Masunga akasema mwangaluka, kwa matamshi ya kila kabila, na kila mmoja aliulizwa habari za ng'ombe.

Mchana, tukiwa katikati ya somo la kuhesabu, walikuja wote wawili, Suzana na bibi, na kifurushi kimefungwa tayari. Suzana alinitazama. "Ameitika," nikasema. Akaketi kwenye kizingiti. Lakini bibi alikuwa na gari la kuwahi, na si mtu wa kusafiri bure. Aliingia, akanyoosha fimbo. "Haya, mume wangu, twende. Ndama wanakusubiri."

Masunga alikuwa kwenye rafu ya VIBERITI pamoja na wenzake wawili. Alimwona bibi, akaona kifurushi, akajua. Akashika mbao ya rafu kwa mikono yote miwili, akafungua mdomo, akalia. Wiki tatu sikuwahi kumsikia akilia. Alilia kwa sauti nene, ya kutoka tumboni kulikojaa uji, na wenzake wawili wakamshika miguu wakalia naye. Nikapiga hatua kumbembeleza. Mama Perusi akanizuia kwa mkono, akainamisha kichwa akisikiliza, kama fundi anayesikiliza injini.

"Kuna kilio cha kuachwa na kilio cha kuchukuliwa," akamwambia bibi. "Hiki ni cha pili. Hiki huwa nakitafuta."

Bibi alisimama katikati ya duka lile. Alimwangalia mtoto, akaangalia mikono yake inavyong'ang'ania, akaangalia pia mkamwana wake aliyekaa kizingitini na hajamwomba kitu. Mwishowe akashusha fimbo.

"Haya," akasema. "Nimeachika. Uzee huu." Na akacheka, peke yake kwanza, kisha Mama Perusi akamfuata. Aliondoka na kifurushi chake kuelekea kwenye gari, akisema njiani na kila aliyekutana naye kwamba mume wake amempa talaka mbele ya watu. Kengele ya kiwanda ikalia. Suzana aliinuka akakimbia kuvuka barabara, hakugeuka nyuma. Kama angegeuka nadhani angerudi.

Masunga aliendelea kulia mpaka mama yake alipopotea ndani ya uzio. Ndipo akateremka kwenye rafu, akajifuta kamasi mwenyewe, akaenda kukaa mahali pake mgongo umenyooka. Tulikuwa tumekatiza kuhesabu. Mimi nilisimama tu, sijui nianzie wapi. Akanitazama, na kwa Kiswahili, alichokiokota kwa Mama Perusi katika wiki tatu zile za kunyamaza, akanipa ruhusa.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea.